Nani Atacheza Yuda?

Wanakijiji wa Oberammergau, Ujerumani, waliweka nadhiri mwaka 1633, siku za tauni, kwamba watacheza Mateso ya Bwana wetu. Walianza mwaka 1634, na hata leo hucheza wao wenyewe, kwa kawaida kila miaka 10.

Kundi dogo la namna hiyo, popote lilipo, huona taabu kumpata Yuda kuliko kumpata Petro. Wako wasemao, apewe mlevi, maana yamfaa. Sisi twakataa. Mchezo ukiisha, wageni huenda zao. Yeye hubaki, na watoto humwita Yuda njiani. Huko si kucheza, ni kumhukumu mtu mbele ya jirani zake. Apewe mzee ashikaye mfuko wa sadaka, asiyeshukiwa na mtu. Naye akikataa, kiongozi wa mchezo na alivae joho hilo mwenyewe.