Bakuli la Kale na Haki ya Asiyejua

Kusini ya mji wa Tanga, katika njia iendayo Pangani, mwendo wa kilomita 20 hivi, yako magofu ya Tongoni. Upo msikiti uliobaki kuta, na yapo makaburi zaidi ya 40 ya mawe na chokaa, ambayo baadhi yake yalisimamishiwa nguzo ndefu. Katika nguzo na kuta za makaburi hayo mafundi wa kale waliacha vishimo vya mviringo, wakapachika ndani yake mabakuli na sahani za kauri zilizovuka bahari. Msafiri aendaye kutazama leo huona vishimo, vyombo havioni. Ukuta umehifadhi umbo la kitu ambacho mikono ya watu imekiondoa. Yamkini baadhi ya waliovichukua walikuwa wezi wa usiku, na wengine walikuwa watu wenye elimu, waliopenda vyombo vya kale kwa mapenzi ya kweli. Ni hawa wa pili wanaostahili kufikiriwa, kwa kuwa mwizi hujijua kuwa mwizi.

Kupenda chombo cha kale si kosa wala si upuuzi. Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mwanachuoni Mwingereza wa mambo ya kale, alipopita pwani ya Tanganyika alistaajabia wingi wa vigae vya Kichina vilivyotapakaa ardhini, akaona kwamba mwenye kutaka kujua habari za nchi hii tangu karne ya 10 na azitafute katika vigae hivyo. Makaburi ya Kunduchi na Mambrui yalipambwa kwa namna ile ile ya Tongoni. Katika nyumba kubwa za Lamu, kuta za ndani zilijaa zidaka, na ndani ya zidaka zilipangwa sahani ambazo hazikuliwa chakula. Baadaye, katika karne ya 19, viwanda vya Maastricht katika Uholanzi, kama kile cha Petrus Regout, vilileta pwani hii mabakuli ya bei nafuu yenye maua ya rangi. Chombo kilichokuwa fahari ya tajiri kikaingia hata katika nyumba ya mvuvi, kikawekwa kabatini, kikatolewa siku ya harusi na siku ya Maulidi, kikaoshwa kwa uangalifu na kurudishwa.

Thamani ya vyombo kama hivi ina tabia ya ajabu. Huko Marekani, mwaka 1936, kiwanda cha Homer Laughlin kilianza kuuza vyombo vya meza viitwavyo Fiesta. Havikuwa na maua wala dhahabu. Rangi tupu ndiyo iliyokuwa pambo lake, na vilikusudiwa watu wa kawaida. Rangi yake nyekundu ilipatikana kwa madini ya urani, na mwaka 1943 ilikoma kutengenezwa kwa kuwa serikali iliitaka urani yote kwa silaha za vita. Watoto walivivunja vyombo hivyo, akina mama wakavitupa, na kila kimoja kilipovunjika kilichosalia kiliongezeka bei. Leo wapo watu wanaosafiri miji na miji kutafuta sahani moja ya kutimiza seti. Hivyo basi bei ya chombo cha kale haitoki katika udongo wake peke yake. Hutoka katika uchache, na pia katika ujuzi wa wale wanaojua kwamba ni kichache. Chungu cha mfinyanzi wa Usambara kimepika milo mingi kuliko kauri zote za pwani, lakini ni nadra kumwona mtu akipita nyumba kwa nyumba akikiulizia. Wajuzi bado hawajakubaliana kukitamani.

Na ichukuliwe sasa mfano. Mtu mmoja afika Pangani, katika nyumba ya bibi mzee. Abisha hodi, avua viatu, asema, "Shikamoo, bibi." Bibi ajibu, "Marahaba, mwanangu, karibu." Aketishwa, apewa kahawa, aulizwa habari za kwao. Macho yake yamekwisha kuona kabatini bakuli la rangi ya kijani kibichi, lenye mng'aro wa maji ya kina, ambalo ajua vema kwamba ni la Uchina na kwamba lina umri wa miaka 500. Bibi alirithi kwa mama yake, na mama kwa mama yake. Mgeni asema, "Bibi, vyombo hivi vimechakaa. Nitakuletea sahani mpya 12 za melamini, zisizovunjika, unipe hili na yale mawili ya maua." Bibi acheka kwa furaha, kwa kuwa wajukuu wake ni wengi na sahani zimpungukia. Biashara imekwisha. Kila mmoja ameridhika.

Je, pana mtu aliyedhulumiwa?

Mtetezi wa mgeni ana maneno ya kusema, na si maneno ya kijinga. Atasema kwamba mgeni hakuiba wala hakulazimisha. Alitumia miaka mingi na fedha nyingi kujifunza kutofautisha bakuli na bakuli, na elimu hiyo ni jasho lake kama jasho la mkulima. Iwapo kila anunuaye angelazimika kumfundisha auzaye, biashara ingekufa. Swali hili ni la kale. Cicero, mwanafikra wa Roma, alilizungusha kwa mfano wa mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kwamba merikebu nyingine zenye nafaka zi njiani. Je, awaambie wanunuzi? Diogenes alisema halazimiki. Mwanafunzi wake Antipater alisema yampasa. Cicero akawa upande wa Antipater, kwamba kuficha ili upate faida kwa kutojua kwa mwenzako si tabia ya mtu mwema.

Pwani haikuhitaji kwenda Roma kwa hukumu hii. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo ndiyo yaliyokuwa sheria ya masoko ya Pangani na Tanga kwa karne nyingi, Mtume alikataza watu kutoka nje ya mji kuwalaki wenye misafara ili wanunue bidhaa zao kabla hawajafika sokoni na kujua bei. Na aliyeuza kwa namna hiyo, akifika sokoni, ana hiari ya kuvunja mauzo. Sababu iliyo ndani ya katazo hili ni dhahiri. Msafiri aliye njiani hana kosa lolote ila kwamba hajafika. Bibi wa Pangani yu njiani vivyo hivyo: hajafika soko la London wala la New York, wala hajui kama lipo. Mgeni amemlaki nje ya mji.

Hata hivyo dhuluma ya mgeni ina jambo moja zaidi, nalo ni salamu yake. Laiti angeingia kama mfanyabiashara, akasimama mlangoni na kutaja bei, bibi angekuwa na hadhari ya sokoni; angemwita jirani, angesubiri mwanawe arudi kazini. Lakini mgeni alisema shikamoo, akajibiwa marahaba mwanangu, akanywa kahawa. Aliingia nyumbani kama mwana na kutoka kama mchuuzi. Elimu yake juu ya kauri ilikuwa halali yake, hapana ubishi. Kimya chake baada ya kuitwa mwana hakikuwa halali. Na neno "vimechakaa" lilikuwa uongo mtupu, ijapokuwa ni dogo.

Mkusanyaji akibanwa hapa hukimbilia hoja ya uokozi: kwamba bakuli lingevunjwa na wajukuu, na kwake litakaa salama. Nusu ya hoja hii ni kweli. Vyombo vingi visingekuwapo leo kama wapenzi wa vya kale hawakuvitunza. Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo iliyotoboa nguzo za Tongoni. Nguzo zilikuwa zikianguka, bakuli lingepasuka, basi afadhali ling'olewe. Aliyeling'oa hakukumbuka kwamba wale waliolipachika waliitoa mali yao katika matumizi makusudi, wakamwachia maiti. Wao pia waliondoa chombo katika chakula, kama afanyavyo mkusanyaji, lakini walikipeleka kwa mwingine, si rafuni kwao. Na mwenye kaburi hawezi kuelezwa bei wala kuulizwa kama yu radhi. Kutojua kwake hakuna dawa. Ndiyo maana majengo yaliyojengwa kabla ya 1863 yamelindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979. Tena bakuli lililong'olewa hupoteza nusu ya elimu iliyomvutia mwanachuoni: likiwa katika kaburi lilisaidia kueleza jengo, zama na mtu, likiwa rafuni ni bakuli zuri tu la kijani.

Bibi, yeye, yu hai, na aweza kuambiwa. Wapo watakaodhani kwamba kumheshimu ni kumzuia asiuze, ili urithi ubaki Pangani. Hiyo nayo ni namna ya kumfanya asiyejua. Bakuli ni lake. Karo ya shule ya mjukuu ni yake. Paa linalovuja ni lake. Na aelezwe chombo kilitoka wapi, kina umri gani, na huuzwa kiasi gani huko kinakokwenda. Akitaka kuuza baada ya hapo, na auze, mgeni apate faida yake ya haki. Akitaka kulirudisha kabatini, na alirudishe, hata kama wajukuu watalivunja Idi ijayo.