Damu Juu ya Nyumba

Andiko: Kumbukumbu la Torati 22:8



Tukisikia ajali, sisi watu wa kanisa huwa na maswali mawili. Dereva alikuwa amelewa? Au kuna roho ya mauti imekaa pale? Mimi pia nimesimama kando ya barabara na kikundi cha maombi, tukakemea mpaka sauti zikakauka. Sikatai maombi. Lakini someni andiko letu polepole. Musa anamwambia anayejenga nyumba aweke ukingo kwenye paa, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Paa za wakati huo zilikuwa bapa, watu walikaa huko juu, hata kulala. Sasa angalia: Musa haulizi kama aliyeanguka alikuwa mlevi. Anamuuliza mwenye nyumba.

Mnakumbuka 30 Juni 2023, njiapanda ya Londiani. Lori lilitoka barabarani likawavamia wachuuzi na abiria, watu zaidi ya 50 wakafa. Wote tulizungumza juu ya lori. Ni wachache waliouliza kwa nini mama anauzia watu mboga hatua chache tu kutoka mahali malori yanapita. Breki hukataa, dereva husinzia. Anayechora barabara anajua hayo yatatokea, kama Musa alivyojua mgeni atateleza.

Sasa niingie kwangu, maana hapa ndipo Roho alinishika.

Nimesomea biashara. Nilipopewa matangazo ya krusedi ya Agosti, nilijua tangazo likae mahali macho ya watu yako tayari. Wapi? Kwenye vibao vya barabarani! Tukafunga bango kwa waya juu ya kibao cha pembetatu kinachoonya kuna tuta mbele. Hatukulipa hata shilingi. Nikajipongeza, kusema kweli.

Kijana mmoja wa boda, mgeni upande huu, akafika pale usiku. Rangi ya tuta ilifutika zamani. Kibao kilikuwa na sura zetu wahubiri, tukitabasamu. Alivunjika mguu.

Nilienda hospitali kumwombea, bila kujua. Nikamuuliza, kijana, ulikuwa unakimbia? Akanijibu, "Hapana, pastor. Kibao sikuona, kulikuwa na bango la kanisa fulani." Nikaomba maombi mafupi sana, nikatoka. Ilinichukua wiki nzima kurudi kumwambia ni bango langu. Bili ninalipa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu, si kwa sadaka yenu.

Mzee mmoja aliniambia rangi ya tuta ni kazi ya serikali. Ni kweli, mzee, na tunalipa ushuru. Barua kwa mamlaka ya barabara iko mezani pale mlangoni, tunaomba rangi na mahali pa watoto kuvukia mbele ya shule. Ukitoka, weka sahihi. Na wewe ndugu unayenunua chuma chakavu, kile kibao cha kona ulicholetewa usiku unakijua. Nitafute baada ya ibada, sitakutaja.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane langoni. Vijana, njooni na ngazi na kitu cha kukatia waya. Tunaanza na mabango yetu.