Mtoto Anayebaki

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Chukua kalkuleta: namba hiyo inagawanyika kwa 2, 5, 7, 43, hata 641, bila baki. Sasa ongeza mtoto mmoja tu, tuseme kazaliwa hapa Misigiri siku chache baadaye. Gawa tena kwa namba zilezile: kila mara anabaki mmoja.

Je, ni haki kumwacha? Sisi waandishi wa habari tunasema "watu milioni 61", na watu 741,120 wanatoka kwenye sentensi. Kwa kichwa cha habari, sawa. Lakini chanjo haikadiriwi: mtoto kachanjwa ama hajachanjwa. Kwangu mimi, hesabu ya haki huanzia kwenye baki. Ukishagawa, uliza nani hajapata.