Someni Namba za Dawa, Wanangu

Haya nimeyasema mpaka koo limekauka. Nayasema tena kwa kuwa bado naona mtoto ananyweshwa dawa kwa kijiko cha supu.

Miligramu ni uzito, wanangu. Elfu moja zake ndizo gramu moja, basi. Sijui nani aliyewaambia kwamba dawa ya 500 ni kali kuliko ya 5. Kidonge cha presha cha amlodipine kina miligramu 5, na hizo chache zinafanya kazi mchana kutwa na usiku kucha. Parasetamoli ina 500, nanyi mnaimeza kwa kuumwa kichwa tu. Mzee anayekata metformin yake ya 500 katikati eti namba ni kubwa mno, anajipunja mwenyewe, na sukari haimwonei haya.

Kinachonichosha zaidi ni dawa za maji za watoto. Chupa ya parasetamoli imeandikwa 120 mg/5 ml, maana yake katika kila mililita 5 mna miligramu 120. Ipo nyingine ya parasetamoli hiyohiyo yenye 250 katika mililita 5. Yapo na matone ya vichanga, yenye 100 katika mililita moja tu. Sasa pigeni hesabu. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo wa kilo 12 ni 120 hadi 180 kwa mara moja. Mmiminie mililita 5 za yale matone, umempa 500: kidonge kizima cha baba yake! Chupa zinafanana, na homa ya usiku haimwachi mtu asome. Ndiyo maana nasema someni mchana, kabla mtoto hajaugua. Kijiko cha supu nacho huchukua kama mililita 15. Mkinunua dawa, daini kikombe chake cha kupimia, na mjue uzito wa mtoto. Umri peke yake hautoshi.

Nanyi watu wazima, mwisho wa parasetamoli ni miligramu 4000 kwa siku, yaani vidonge vinane, na wenye ini bovu au walevi wa kila siku wapunguze zaidi. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu anameza hii na ile, jumla inapita, na siku ya kwanza anaweza kujiona mzima kabisa huku ini linaharibika.

Vitamini nazo zina vituko vyake. Mnanunua vitamini C ya miligramu 1000, na mahitaji ya mtu mzima kwa siku hayafiki hata 100. Pera moja lingetosha. Kinachozidi, kingi chake kinatoka na mkojo. Mjamzito naye anaona foliki asidi 400 na madini ya chuma 60, anadhani foliki ndiyo nyingi. Hizo 400 ni mikrogramu, zile 60 ni miligramu, na mikrogramu 1000 ndizo miligramu moja. Vidonge hivyo vya chuma msivishushie na chai, maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini.

Kesho kusanyeni dawa zote zilizomo kabatini, pamoja na maboksi yake, mpelekeeni mfamasia awasomee moja moja. Na mkishuku mtoto amezidishiwa, msingoje atapike: mkimbizeni hospitali, na chupa mkononi.