Kuume Huku, Kushoto Kule

Msafiri akirudi kwao, watu humzunguka na kumwuliza: Huko watu wanakula nini? Njia zao zikoje? Ulisafiri kwa basi au kwa gari la moshi? Ni maswali mema, na msafiri huyajibu kwa furaha. Lakini liko swali la nne, ambalo ni wachache waliulizao: Je, ulipokuwa huko, wewe mwenyewe ulikuwa mtu gani?

Wazee walisema: Ukifika katika nchi ya wenye chongo, vunja lako jicho. Wengi huitumia methali hii kama ruhusa ya kufanya lolote ugenini. Basi tuichungue pamoja, ndugu msomaji: ni jicho gani la kufumba, na lipi lisifumbwe hata siku moja?

Mahali pazuri pa kulichungua neno hili ni Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, mwendo wa kilometa 90 hivi kutoka Lubumbashi. Mpaka huo ulipatanwa mwaka 1894 baina ya Waingereza na Dola ya Kongo ya mfalme Leopold, na alama zake ziliwekwa ardhini kati ya miaka 1911 na 1914. Hapo hakuna mto mkubwa wala mlima. Mpaka wafuata mgongo wa nchi unaogawa maji. Mvua inyeshayo upande wa kaskazini huingia mito ya Kongo na kufika bahari ya Atlantiki; inyeshayo kusini hushuka Kafue na Zambezi mpaka Bahari ya Hindi. Maji yaligawanyika tangu kale, lakini watu hawakugawanyika. Walamba wako huku na huko, na Kibemba chasikika pande zote mbili. Hata hivyo, ukipita lango, fedha ni nyingine, Kifaransa chabaki nyuma, na Kiingereza chaanza.

Nilipovuka kwenda Chingola, Kitwe na Ndola, mwalimu wangu wa kwanza alikuwa sahani. Nyumbani twala bukari. Wao waliniandalia ubwali, ambao katika Zambia huitwa pia nshima. Ni unga uleule wa mahindi, ila kwetu wengi huuchanganya na unga wa muhogo. Nikaletewa mboga iliyopikwa kwa karanga, waiitayo ifisashi, na kapenta wakavu waliokaangwa kwa nyanya. Nikapewa chikanda, kile chakula cha mizizi ya porini iliyotwangwa pamoja na karanga, ambacho Lubumbashi twakiita kikanda. Na munkoyo ni munkoyo pande zote. Mgeni anayekunja uso mbele ya sahani kama hiyo hatetei desturi ya kwao. Anamwumiza tu mwenyeji aliyeamka mapema kumpikia.

Jambo hili ni la kale. Karibu mwaka 385, Mtakatifu Monika alifika Milano akakuta kwamba watu wa huko hawafungi siku ya Jumamosi. Moyo wake ukafadhaika: afuate desturi ya mji wake wa Afrika, au ale kama wenyeji? Mwanawe Agostino akaenda kumwuliza Askofu Ambrosi. Huyo akajibu kwamba yeye mwenyewe akiwa Roma hufunga Jumamosi, na akiwa Milano hafungi. Mtu na afuate desturi ya mahali alipofika, asije akamkwaza mwingine wala kukwazwa. Basi jicho la kwanza la kufumba ni lile la dharau.

Mwalimu wa pili ni barabara. Katika Kongo gari hupita mkono wa kuume; katika Zambia, mkono wa kushoto. Pale Kasumbalesa dereva hubadili upande kwa mwendo mfupi sana. Mwenda kwa miguu naye hubadili shingo: aliyezoea kutazama kushoto kwanza, sasa atazame kuume kwanza. Hapa si adabu tu. Mezani, asiyefuata desturi huumiza moyo. Barabarani, asiyefuata huua.

Ndipo wengine husema: Ikiwa kosa la huku ni sheria ya kule, basi mema na mabaya yote ni mapatano ya watu tu. Tena waweza kutaja nchi ya Sweden. Huko, tarehe 3 Septemba 1967, taifa zima lilihama kutoka kushoto kwenda kuume kwa asubuhi moja. Jana yake kupita kuume kulikuwa hatia. Siku ile kukawa wajibu.

Fikira hii yaonekana kuwa ya akili, lakini yasahau kuuliza: Kwa nini watu walipatana? Wakongo na Wazambia wametofautiana kwa upande. Kwa shabaha hawakutofautiana. Wote wataka mama na mtoto wake wavuke barabara salama. Upande ni nguo, na uhai wa mtu ni mwili. Nguo hubadilishwa mpakani. Mwili hauachwi pale.

Tazama pia sokoni. Huku Katanga unga hupimwa kwa kopo liitwalo meka. Zambia hupimwa kwa meda. Vipimo hivyo viwili havina ubaya. Lakini mwuzaji akilibonyeza kopo ili unga wa mnunuzi upungue, huo ni wizi huku na ni wizi kule. Ushahidi ni huu: hakuna dereva afichaye upande anaopita, bali mwenye kopo bovu hulificha kwa kiganja. Kama ingekuwa desturi tu, angeficha nini?

Na hapa ndipo hatari ya mpaka. Pale Kasumbalesa malori yapeleka shaba kwenye bandari za Dar es Salaam na Durban, na mara nyingi hupanga safu ndefu yakingoja. Watu wa nchi nyingi wakutana, na wengi hawataonana tena. Basi sauti humnong'oneza mtu: Huku hakuna akujuaye. Mbadili fedha ampunja dereva Mtanzania asiyejua Kifaransa. Dereva amwambia binti wa mpakani kwamba hana mke. Msafiri akopa chakula kwa mama muuzaji, kisha aondoka usiku. Hao hawakufuata desturi ya ugenini, maana hakuna nchi iliyowafundisha hayo. Wameufanya ugeni kuwa giza la kujifichia.

Methali ya wazee, basi, tuishike vema. Fumba jicho lidharaulo chakula cha wenyeji. Fumba jicho lililozoea upande mmoja wa barabara, ujifunze upande mwingine upesi. Lakini jicho limwonalo mgeni kuwa ni mtu kama ndugu yako, hilo usilifumbe popote, hata kama hakuna akutazamaye.

Na msafiri akirudi, tumwulize habari za sahani na za barabara, tucheke pamoja naye. Kisha tumwulize na hili: Wale uliowaacha huko, watafurahi wakikuona tena?