"Muda Mrefu Sana" Ni Saa Ngapi?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejifunza kuandika programu hukutana mapema na kioja. Akiiagiza kompyuta, kwa lugha ya Python, ijumlishe 0.1 mara kumi, hapati 1. Hupata 0.9999999999999999. Kompyuta ni nzima. Huhesabu kwa sifuri na moja tu, na sehemu moja ya kumi haimaliziki kwa tarakimu hizo, kama sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi kwa desimali. Hivyo huishia mahali fulani na kukadiria kinachobaki.

Je, huo ni udanganyifu? Sidhani. Hata seremala hukadiria, na meza ikasimama. Kosa la kimaadili huanza pale mtu anapojua kwamba kadirio lake lina mpaka, asiutaje.

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraki liliangukia kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudia, likaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliotegemewa kulizuia haukufyatua chochote. Ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa tarakimu 24 tu, na ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Vipande vilivyotupwa vikajikusanya hadi kufikia sekunde 0.34 hivi. Kwa muda huo Scud hupita zaidi ya nusu kilomita, kwa hiyo mtambo ulitazama mahali pasipo na kitu.

Wengi humlaumu mwandishi wa programu. Lakini mtambo ule ulibuniwa uhamehame, ufanye kazi saa chache mahali pamoja, na kwa saa chache kadirio lake lilitosha. Mimi nawalaumu zaidi waliotoa onyo. Tarehe 21 Februari watumiaji waliandikiwa kwamba kuuwasha "muda mrefu sana" kungeweza kupotosha shabaha. Saa ngapi? Hawakuambiwa; ilidhaniwa tu kwamba hakuna angeuwasha hivyo.

Wala namba haikukosekana. Tangu tarehe 11 Waisraeli walikuwa wameeleza kwamba baada ya saa 8 dirisha la kutafutia shabaha huwa limehama kwa asilimia 20. Kuuzima na kuuwasha upya, jambo la dakika moja au moja na nusu, kungerudisha saa yake kwenye sifuri. Askari aliyeambiwa "zima kila baada ya saa 8" anajua la kufanya. Aliyeambiwa "muda mrefu sana" atapima kwa uchovu wake mwenyewe. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26.