Damu Haitoi Ushahidi wa Zinaa

Mjamzito anayeanza kliniki Gisozi, kama kwingineko Kigali, hupimwa kaswende na virusi vya UKIMWI, na mumewe huombwa aje naye. Jibu la kaswende likitoka chanya, je, mume ana haki ya kusema mkewe amezini? Hana, na sababu ya kwanza imo ndani ya kipimo chenyewe. Mtaalamu wa bakteria Mjerumani, Wassermann, alipotangaza kipimo chake cha kaswende mwaka 1906, alitumia maini ya vichanga waliokufa kwa kaswende, akiamini kwamba ananasa athari za bakteria. Haikupita muda ikaonekana kuwa moyo wa ng'ombe asiye na ugonjwa wowote unatoa jibu lilelile. RPR, kipimo cha kwanza cha leo, imetokana na kipimo hicho: haimtafuti bakteria, inatafuta kingamwili dhidi ya kadiolipini, mafuta yaliyomo katika chembe zetu wenyewe. Malaria yaweza kuzizalisha kingamwili hizo, hata ujauzito wenyewe. Kipimo kingine, TPHA, humlenga bakteria, lakini aliyekwisha kupona huendelea kuonekana chanya, mara nyingi maisha yake yote, kwa kuwa kinga haisahau. Tuseme katika wajawazito 1,000 wagonjwa ni 10, na kipimo kinawakosea wazima 2 katika kila 100: kitawanasa wazima wapatao 20, mara mbili ya wagonjwa.

Mtu atauliza: basi asitibiwe? Atibiwe siku hiyohiyo, maana kaswende huua mtoto tumboni, na penisilini ikidungwa bure hasara yake ni ndogo. Shaka inayotosha kudunga sindano haitoshi kumwaibisha mtu. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu. Surat An-Nur inadai wanne, na mume asiye nao huapa mwenyewe, akijitakia laana akisema uongo. Hapewi ruhusa ya kujificha nyuma ya karatasi ya maabara.

Na hata kipimo cha pili kikithibitisha maambukizi, damu haisemi yaliingia kwa njia gani. Kaswende hukaa kimya mwilini kwa miaka, na pengine ni mume aliyeileta, au iliingia kwa ubakaji. Gisozi hiyohiyo wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, ambamo ubakaji ulitumika kama silaha. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha kuhusu mauaji hayo, katika hukumu dhidi ya aliyekuwa meya, Akayesu, ya Septemba 2, 1998, ilitamka kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wako walionusurika wakaachiwa magonjwa. Anayeisoma damu ya mwanamke kama ungamo la dhambi anawatwika hao kosa la waliowabaka.